Muulize Mwalimu: Mpira uliohama mbele ya kipa wa Makorora

Barua za mwezi huu zimejaa mipira. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, na wenye barua fupi wasinung'unike. Kuna kijana anaonewa, na mimi niliyefundisha fizikia nikiwa huku nawanoa makipa wa mtaa jioni siwezi kulipita jambo hilo juu juu.

*

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kipa wa timu ya mtaa hapa Makorora, Tanga. Mfadhili alituletea mpira mpya kabla ya mechi ya mwisho ya ligi yetu. Mpira mzuri, laini, una vipande vichache vikubwa, na mishono yake kwa mbali huioni. Mechi inakaribia kuisha, jamaa akapiga faulo kutoka mbali. Mpira ukaja usawa wa kifua, nikajiweka vizuri kuudaka, ukahama. Haukupinda kama mpira wa kuzungushwa. Ulihama kushoto, halafu ukarudi, ukapita kwenye kwapa. Tukafungwa. Tangu siku hiyo naitwa muuza mechi. Mpira wetu wa zamani uliochakaa hauna vituko hivyo. Ni mpira au ni mimi? — *Kipa, Makorora*

Marahaba mwanangu. Ni mpira, pamoja na hewa. Jina la muuza mechi ni zito, hukustahili kubebeshwa kwa jambo lililotokea hewani kabla mpira haujafika mikononi mwako.

Mpira unaporuka, kuna tabaka jembamba sana la hewa linalong'ang'ania uso wake. Linaufuata ule mviringo mpaka mahali linaposhindwa kuendelea, kisha linaachia. Pale linapoachia ndipo unapoanzia mkia wa hewa iliyovurugika, kama povu linalobaki nyuma ya ngalawa. Mkia ukiwa mpana, mpira unavutwa nyuma kwa nguvu. Ukiwa mwembamba, mpira unapenya. Aliyelieleza tabaka hilo kwa mara ya kwanza ni Mjerumani Ludwig Prandtl, mwaka 1904. Mwaka 1912 Gustave Eiffel, yule yule aliyejenga mnara wa Paris, akawa anapima matufe kwenye mkondo wa upepo, akakuta kwamba kasi ikivuka kiwango fulani ukinzani wa hewa haupandi tena, unashuka ghafla. Miaka miwili baadaye Prandtl alichukua tufe laini, akalizungushia waya mwembamba upande wa mbele, na ule ukinzani ukashuka mapema zaidi, kwenye kasi ndogo. Waya tu!

Sababu yake ni hii. Tabaka la hewa likiwa tulivu huwa dhaifu, huachia mapema, hata kabla ya kufika katikati ya mpira. Likikutana na kitu cha kulivuruga, mshono au kishimo au kipele, huchanganyika na hewa ya nje yenye kasi, likapata nguvu ya kuendelea kushika uso hadi nyuma zaidi. Mkia unapungua upana. Ndiyo maana mpira wenye mikwaruzo ya kadiri hupita hewani vizuri kuliko ulio laini kabisa, ingawa ukimuuliza mtu yeyote pale uwanjani Mkwakwani atakuapia kinyume chake.

Sasa njoo kwenye faulo yako. Mpira wowote una kasi ambayo hapo tabaka hugeuka kutoka tulivu kuwa lililovurugika. Juu ya kasi hiyo mpira umetulia. Chini yake kabisa, pia si tatizo kubwa. Tatizo lipo pale katikati, hasa mpira ukiwa hauzunguki. Upande mmoja mshono umekaa mahali pa kuivuruga hewa, upande mwingine hewa imekutana na uso mtupu. Upande wenye mshono hewa inaachia nyuma zaidi, upande mtupu inaachia mapema, mkia wote unakwenda mshazari na mpira unasukumwa pembeni. Mpira ukigeuka kidogo tu, hata robo ya mzunguko, mishono inabadilisha nafasi na msukumo unahamia upande wa pili. Ndicho ulichokiona: kushoto, halafu kurudi. Aliyepiga mwenyewe hakujua utakwenda wapi.

Mpira ukiwa na mishono mingi na mirefu, ile kasi ya mgeuko inakuwa ndogo. Shuti la nguvu linaipita mbali, kwa hiyo mpira unakuja umetulia, na huyumba pale tu unapokuwa umeshapoa. Mpira laini unaipandisha kasi hiyo hadi kwenye mwendo wenyewe wa faulo. Dunia nzima ililiona hili kwenye Kombe la Dunia la Afrika Kusini mwaka 2010. Mpira wa mashindano yale, Jabulani, ulikuwa na vipande 8 tu vilivyounganishwa kwa joto bila uzi. Mpira wa 1970, Telstar, ulikuwa na vipande 32 vya kushonwa, ule wa mabaka meusi na meupe ambao mpaka leo watoto wakichora mpira ndio wanaouchora. Makipa walilalamika kabla hata mashindano hayajaanza. Julio César wa Brazil aliufananisha na mipira inayouzwa supamaketi. Baadaye watu wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, waliupima kwenye handaki la upepo, wakakuta unayumba zaidi ukiwa kwenye kasi ya karibu kilomita 80 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya faulo nyingi za maana. Mpira uliofuata, Brazuca wa 2014, ulikuwa na vipande 6, yaani pungufu zaidi, lakini mishono yake ilikuwa mirefu: ukiinyoosha yote unapata zaidi ya mita 3, wakati ya Jabulani ilikuwa mita 2 hivi, tena ya Brazuca ilikuwa na kina zaidi. Kuyumba kwake kukashuka hadi kasi ya karibu kilomita 50, mahali ambapo kipa hapati shida sana. Kwa hiyo usihesabu vipande, tazama mishono. Trionda wa Kombe la Dunia la 2026 una vipande vinne tu, na waliouunda wameichimba mishono yake kwa kina makusudi.

Ule mpira wenu mkuukuu, kwa jinsi unavyoueleza, mishono imeachama na ngozi imekwaruzika kila upande. Hewa inavurugwa mapema pande zote kwa usawa, ndiyo maana ni mtiifu. Ungekuwa umebanduka upande mmoja tu, nao ungekuhangaisha.

Yanayokuhusu wewe langoni ni haya. Faulo ya mita 25 kwa kasi hiyo inakufikia kwa sekunde moja na kidogo, huna muda wa kubahatisha. Tazama nembo au tundu la kujazia upepo. Ukiweza kuiona nembo waziwazi mpira ukiwa hewani, maana yake mpira hauzunguki, na mpira usiozunguka usiuamini. Usiufuate mapema. Weka mwili mzima nyuma yake, viganja viwili, na kama upo usawa wa kifua au juu, usilazimishe kuudaka: upangue pembeni, au upige ngumi utoke nje ya boksi. Kona si aibu. Nembo ikiwa inazunguka hadi huioni, hapo mpira utapinda kwa utaratibu unaojulikana na unaweza kuusoma.

Na wazee wa Makorora mnaosoma safu hii, nawaomba jambo moja. Chukueni mpira ule, nendeni nao uwanjani, mumweke golini yeyote anayesema kijana kauza mechi. Mpigaji apige bila kuuzungusha, kwa kifundo cha mguu, kutoka mahali pale pale. Mkishaona, mkamwombe radhi kijana mbele ya wenzake, kwa sababu alitukanwa mbele ya wenzake.

*

Mwalimu, mjomba amerudi kutoka Dar na mpira mdogo mgumu wa gofu aliouokota. Mwanangu wa darasa la tano ananiuliza kwa nini una vishimo vingi hivi, nami sina jibu. — *Mama, Pongwe*

Mwambie avihesabu kwanza, itamchukua jioni nzima. Mipira mingi ya gofu ina vishimo kati ya 300 na 500, kila kimoja kimezama kama robo ya milimita.

Vilianza kwa bahati. Kuanzia 1848 mipira ya gofu ilitengenezwa kwa utomvu mgumu wa mti unaoitwa gutapacha, na ilikuwa laini. Wachezaji wakagundua kwamba mpira mpya unaanguka karibu, na ule uliopigwapigwa hadi ukajaa makovu unakwenda mbali na kunyooka. Mafundi wakaanza kuigonga nyundo mipira mipya kabla ya kuiuza. Mwaka 1905 Mwingereza William Taylor akaomba hataza ya vishimo vya mviringo, na ndivyo tulivyo navyo leo. Ukiupiga mpira wa gofu usio na vishimo kwa nguvu ile ile, utafika karibu nusu tu ya umbali.

Kazi ya kishimo ni ile ile niliyomweleza kipa hapo juu, kuvuruga lile tabaka ili lishike uso kwa muda mrefu. Ila gofu lina la ziada. Fimbo inaupiga mpira ukizunguka kinyumenyume, maelfu ya mizunguko kwa dakika, na vishimo vinausaidia mpira kuikokota hewa ya juu kwenda nyuma na chini. Mpira nao unainuliwa. Heinrich Magnus, Mjerumani, ndiye aliyeuchunguza msukumo huo miaka ya 1850, na ndio unaopindisha mpira wa miguu pia. Faulo ya Roberto Carlos dhidi ya Ufaransa mwaka 1997, mpira uliozunguka ukuta wa mabeki kutoka karibu mita 35 ukagonga nguzo na kuingia, ni kazi ya Magnus.

Mwanao akitaka kujaribu, atafute ile mipira myepesi ya plastiki inayouzwa madukani, isiyo na mshono wowote. Auzungushe na kuupiga kwa kasi mbalimbali. Kwenye kasi fulani mpira laini kabisa unaweza kupinda upande usiotarajiwa, kinyume na mpira wa miguu. Asione ni makosa yake, ni sifa ya uso laini, na mimi nikiwa darasani nilipenda sana kuwaacha wanafunzi wabishane kabla ya kuwapa jibu.

*

Mwalimu, nilikulia Chumbageni. Tukiwa watoto tulikuwa tunawatazama vijana wa Kihindi wakicheza kriketi. Mrushaji kabla ya kukimbia alikuwa anaupaka mate mpira na kuusugua kwenye suruali, upande mmoja tu, mpaka suruali inageuka nyekundu. Miaka yote hii nimejiuliza, usafi wa upande mmoja una faida gani? — *Mzee wa Chumbageni, sasa Raskazone*

Shikamoo mzee wangu. Barua yako imenifurahisha kuliko zote, kwa sababu walichokuwa wanakifanya vijana wale ni fizikia ya hali ya juu, na waliifanya kwa mapaja yao.

Mpira wa kriketi una mshono mmoja mnene unaouzunguka katikati, uliotuna kabisa, unausikia kwa kidole. Uzito wake ni gramu 160 hivi. Mrushaji anauachia mshono ukiwa umeelekea pembeni kidogo, si moja kwa moja kwa mpigaji. Upande mmoja wa mpira hewa inakutana na mshono, inavurugika, inashika uso hadi nyuma. Upande wa pili hewa inapita kwenye ngozi inayong'aa, inabaki tulivu, inaachia mapema. Mpira unapinda kuelekea upande wa mshono. Kusugua ni kuulinda huo upande laini ubaki laini, kwa sababu kila mpira unapodunda chini unachubuka. Upande wa pili wanauachia uchakae. Kutoka kwa mrushaji hadi kwenye vijiti anavyovilinda mpigaji ni kama mita 20, mpigaji ana nusu sekunde hivi, na mpira unabadili njia ukiwa tayari umeshafika karibu yake. Kipa wa Makorora angemwonea huruma.

Kuna ufundi mwingine juu ya huo. Mpira ukishachakaa sana upande mmoja, ukirushwa kwa kasi kubwa hupinda kinyume na ilivyozoeleka. Warushaji wa Pakistan, Sarfraz Nawaz na baada yake Imran Khan, ndio walioujulisha ulimwengu ufundi huo. Na kwa kuwa uso wa mpira una thamani kiasi hicho, watu wamewahi kuuchakachua. Mwaka 2018 huko Cape Town wachezaji wa Australia walinaswa na kamera wakitumia karatasi ya msasa, na nahodha wao Steve Smith akafungiwa mwaka mzima. Mate nayo yalipigwa marufuku mwaka 2020 wakati wa korona, na mwaka 2022 marufuku hiyo ikafanywa ya kudumu. Jasho bado linaruhusiwa.

Kama una wajukuu, chukua mpira wa tenisi uliozeeka, funika nusu yake kwa tepu nyeusi ya fundi umeme, nusu nyingine ibaki na manyoya. Waambie waurushe kwa nguvu ufukweni saa za asubuhi kabla upepo haujaamka, mpaka wa tepu ukiwa umesimama wima. Utapinda. Wageuze tepu iwe upande wa pili, utapinda upande wa pili.

*

Mpira wetu wa netiboli una vipele vidogo vidogo kila mahali. Navyo ni vya kuruka hewani? — *Mwanafunzi, Usagara*

Hapana binti yangu, hivyo ni vya viganja vyako. Pasi ya netiboli ni fupi na kasi yake ni ndogo, hewa haipati nafasi ya kufanya mengi. Vipele vikiisha na mpira ukaanza kuteleza jasho likishuka, mwambieni mwalimu wa michezo utafutwe mwingine, kwa sababu hapo ndipo vidole vinapoumia.

*

Habari Mwalimu. Ninatunza vifaa vya timu yetu. Nina maswali mawili. Nimeambiwa nipake mpira mafuta ya nazi usipasuke. Pili, tukienda Mbeya mipira inapaa juu ya goli, wachezaji wanasema ni mipira ya wenyeji imejazwa upepo kwa hila. — *Mtunza vifaa, Ngamiani*

Ushauri wa mafuta ni wa enzi za ngozi ya ng'ombe. Gozi la zamani lilikuwa linanyonya maji, mvua ikinyesha likawa zito hata kupiga kichwa ni adhabu, kwa hiyo mafuta yalikuwa na maana. Tangu Azteca ya 1986 hata mipira ya Kombe la Dunia imekuwa ya nyuzi na plastiki za kiwandani, hainyonyi maji kwa namna hiyo. Ukiipaka mafuta unaziba mishono kwa vumbi, unamtelezesha kipa, na gundi inaweza kuachia. Futa kwa kitambaa chenye maji, uanike kivulini. Jua letu la saa nane ndilo linalopasua mipira, usiwaachie watoto wauache kwenye bati.

Mbeya wenyeji hawana hila. Uwanja wa Sokoine uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya kule ni nyepesi kuliko yetu kwa takriban asilimia 15. Mpira unapungukiwa na ukinzani, unakwenda mbali, na ule wa kuzungushwa haupindi kama mlivyouzoea hapa. Mchezaji aliyezoea kulenga nje ya nguzo akitegemea mpira urudi, utamwachia nje. Fikeni mapema, mpige faulo na krosi nyingi mazoezini, na makipa wapige goli kiki hadi macho yazoee. Lakini kipimo cha upepo nendeni nacho pia, sheria inataka kati ya 0.6 na 1.1 ya kanieneo ya hewa usawa wa bahari, mwamuzi hakatazi kuulizwa.

Na unapokwenda dukani kununua mpira mwingine, usivutwe na rangi. Pitisha ukucha kwenye mshono. Ukucha ukiingia na kukwama, nunua. Ukiteleza kama hakuna kitu, urudishe kwenye shelfu, umwulize muuzaji kama ana wa kushonwa kwa mkono, vipande 32. Kisha mpeleke kipa wenu aujaribu wiki nzima kabla ya mechi.